Nimeumia mgongo nikimwinua mgonjwa, wakala anasema mimi si mfanyakazi wake. Nifanyeje?

BintiSofia (mwenye uzi) – Jumatatu, saa 3:12 usiku

Habari zenu ndugu zangu. Naandika nimelalia ubavu wa kushoto, maana kukaa siwezi zaidi ya dakika kumi.

Mimi natunza wagonjwa majumbani. Kwetu ni Busia, pale Sofia, na Kampala nina mwaka wa tano. Miezi saba iliyopita wakala mmoja (jina naliacha) alinipeleka Ntinda kumtunza jajja (bibi) wa miaka 81 aliyepigwa na kiharusi upande wa kulia. Familia inamlipa wakala, wakala ananitumia mimi shilingi 350,000 kila tarehe 2 kwa simu. Nalala humo, nakula humo, napumzika Jumapili moja kila baada ya wiki mbili.

Tarehe 9 asubuhi nilikuwa namtoa kitandani nimpeleke kwenye kiti cha haja. Kazi hiyo huwa tunaifanya wawili na dada wa jikoni: mmoja anashika kitenge tulichomfunga jajja kiunoni, mwingine anazuia magoti yake yasikunjike. Siku hiyo dada alikuwa ametumwa sokoni Nakawa. Jajja akasema hawezi kungoja. Nikamsimamisha peke yangu. Mguu wake wa kulia ukalegea, akanilalia mzima mzima. Ningemwachia, kichwa kingegonga ukingo wa meza ya dawa. Sikumwachia. Niligeuka naye nikamrudisha kitandani, na hapo nikasikia kitu kiunoni kimelia kama kijiti kikavu, kisha moto ukashuka mguuni mpaka kidole gumba.

Jajja hakupata hata mkwaruzo. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Kliniki wamenipiga picha. Daktari anasema pingili za chini zinabana mshipa wa fahamu, nipumzike wiki sita, nisiinue kitu kizito kuliko jagi la maji. Picha na dawa zimekula 410,000 za akiba yangu. Nilimpigia wakala siku ileile. Jibu lake: "Ulisaini kwamba wewe ni mtoa huduma huru. Sisi tunaunganisha watu tu." Binti mkubwa wa jajja, mama mwema kwa kweli, ananiambia niongee na wakala kwa sababu wao walimlipa ili wasiwe na mambo kama haya. Mtu mwingine ameshaletwa mahali pangu. Mifuko yangu niliikuta getini kwa askari.

Leo ni siku ya 19. Mtu kama mimi, ambaye kazi yangu ni chumbani kwa mtu na si kiwandani, ana fidia kwa sheria ya Uganda? Au nimeze tu?

KakaKireka – saa 3:40 usiku

Pole sana dada. Nenda NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), ndiyo kazi yao. Tangu sheria ibadilishwe 2022 kila mwajiri anatakiwa kuchangia hata akiwa na mfanyakazi mmoja. Wakulipe hao.

Nesi_Arua – saa 3:58 usiku

Pole mpenzi. Swali la haraka kabla ya mambo ya sheria: unahisi ganzi katikati ya mapaja, au mkojo unakataa kutoka, au unatoka wenyewe? Ukiona hivyo usingoje kuche, nenda hospitali kubwa usiku huohuo. Kama ni maumivu ya mguu tu, endelea kama daktari alivyosema, ila usilale wiki sita nzima. Tembea kidogo kidogo ndani ya nyumba.

BintiSofia – saa 4:05 usiku

Asante nesi. Mkojo hauna shida, ganzi iko kwenye kidole tu.

AfisaMstaafu – saa 4:51 usiku

Mwanangu BintiSofia, pole. Nilikuwa afisa kazi wa wilaya huku mashariki kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nimewasha taa tena nikuandikie sasa hivi, maana siku zako zinakwenda.

KakaKireka ana nia njema, lakini amekuelekeza mlango usio wake. NSSF ni akiba: asilimia 10 ya mwajiri, asilimia 5 ya mfanyakazi. Anayepata ulemavu hurudishiwa akiba yake, basi. Fidia ya kuumia kazini ni deni jingine kabisa, linasimama kwenye Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, na anayedaiwa ni mwajiri. Uganda hatuna mfuko wa taifa wa fidia. Tanzania wanao, sheria yao ni ya 2008 na makusanyo yalianza 2015: waajiri wanachangia, mtu akiumia mfuko unalipa. Kwetu mwajiri mwenyewe ndiye anayelipa, na sheria inamwamuru awe amekata bima kwa ajili hiyo. Wengi hawajakata. Ndiyo maana wanapiga chenga za "wewe si mtu wetu".

Sasa jambo lako. La kwanza na la haraka kuliko yote: sheria inataka taarifa ya ajali imfikie mwajiri ndani ya mwezi mmoja. Uko siku ya 19. Ile simu uliyompigia wakala ina uzito, kwa sababu mwajiri aliyejua ajali kwa njia yoyote hawezi kujificha nyuma ya kukosa barua. Lakini simu hukanushwa. Barua haikanushiki. Kesho andika barua kwa mkono wako: jina lako, tarehe 9, saa, chumba, ulichokuwa unafanya, nani alikuwepo nyumbani, umeumia wapi. Nakala moja kwa wakala, moja kwa familia, moja kwa afisa kazi. Anayepokea asaini kwenye nakala yako. Akikataa kusaini, rudi na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) ashuhudie kwamba imefikishwa, aweke muhuri wake.

Usijiulize sasa nani hasa ni mwajiri. Wape wote wawili. Wakisukumiana, wasukumiane mbele ya afisa kazi.

Hilo la "mtoa huduma huru" nimeliona mara nyingi mpaka linaniuma. Ni kweli sheria haimlindi mkandarasi anayejitegemea. Lakini ukandarasi hauletwi na jina lililoandikwa juu ya karatasi. Mkandarasi anajipangia saa zake, anakuja na vifaa vyake, akitaka anamtuma mwenzake afanye, anadai bei yake. Wewe je? Nani alikupangia nyumba ya kwenda? Nani aliamua Jumapili ipi upumzike? Ungeugua, ungeweza kumleta dada yako badala yako bila kumuuliza wakala? Mshahara ulikuwa unapanda na kushuka kwa kazi uliyofanya, au 350,000 ileile kila tarehe 2? Nijibu haya, na uyaandike pia kwa ajili ya afisa kazi.

Kuna mlango wa pili watakaojaribu. Watasema ulikuwa kibarua wa muda tu, kwa sababu sheria ya fidia inamwacha nje kibarua. Hapo uwe na kanuni za ajira za 2011 mkononi: mtu hawezi kuwekwa kwenye ukibarua zaidi ya miezi minne. Akiendelea mfululizo baada ya hapo, anastahili mkataba wa maandishi na ukibarua umekwisha. Wewe una miezi saba.

Na mlango wa tatu, watasema ni kosa lako, ulimwinua peke yako wakati mnatakiwa kuwa wawili. Jibu: fidia hii haiulizi kama mfanyakazi alizembea. Mtu akijiumiza kwa makusudi, hayo ni mengine. Wewe ulikuwa unamzuia mgonjwa asianguke. Hakuna kazi iliyo kazini zaidi ya hiyo.

Itoshe kwa usiku huu. Kesho nikiamka nitakuandikia habari ya hesabu.

MamaWawili_Bukoto – Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Nimesoma uzi huu usiku na sikulala vizuri. Mzee AfisaMstaafu, naomba unisikilize na mimi, sisemi kwa ubaya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Baba yangu ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, mwaka wa sita sasa. Nimemwajiri kijana mmoja wa kumtunza mchana nikiwa darasani, namlipa 300,000, hatujapitia kwa wakala. Ni kama mdogo wangu, anakula mezani na watoto. Sasa nasikia akiteleza bafuni akavunjika mgongo, mimi nadaiwa? Nimlipe na nini? Sisi si kampuni. Tulitafuta msaada kwa sababu tumezidiwa.

Nesi_Arua – saa 1:47 asubuhi

Mama, mwanzo ni huko bafuni. Bafu lina zulia la mpira? Kuna chuma cha kushikilia ukutani? Fundi wa kuchomelea atakutengenezea chuma hicho kwa bei nafuu kuliko tiba ya nyonga moja. Mgonjwa wa Parkinson akianza kwenda, miguu hujigandisha ghafla, na anayemshika hujikuta anavuta kwa mgongo. Mfundishe kijana asimvute. Amwambie mzee ahesabu moja, mbili, tatu, au aruke mstari wa kufikirika sakafuni, miguu itafunguka yenyewe.

Na kumwinua mtu kitandani: kitanda kiwe juu kiasi cha kiuno chako kama kinapandishika, mgonjwa aje kwanza ukingoni, miguu yake ikanyage chini, wewe ukunje magoti, uso kwa uso, msimame pamoja. Shuka lililokunjwa mara nne chini ya makalio linafaa kumgeuza na kumsogeza bila kumkwangua ngozi. Haya tunafundishwa wodini siku ya kwanza. Watunzaji wa majumbani hawafundishwi na mtu, wanafunguliwa geti na kuonyeshwa chumba.

AfisaMstaafu – saa 2:30 asubuhi

Mama wa Bukoto, swali lako ni la haki, na nimeliulizwa na watu wengi waliokuwa na machozi.

Ndiyo, unaweza kudaiwa. Mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi, au akilemaa kabisa asiweze kazi tena, sheria inataja mapato yake ya miezi 60. Kwa kijana wako hiyo ni milioni 18. Akilemaa kiasi cha kuhitaji mtu wa kumhudumia kila wakati, inaongezwa robo juu yake. Akilemaa sehemu, daktari anapima asilimia na hesabu inafuata asilimia hiyo. Matibabu pia yako juu ya mwajiri.

Wewe huna milioni 18. Najua. Na kijana huyo hana mgongo wa akiba. Ndipo bima inapoingia, na kwa bima hii makampuni huangalia mshahara unaolipa kwa mwaka na hatari ya kazi yenyewe. Kwa mtu mmoja wa 300,000 si jambo la kuuza shamba. Uliza makampuni mawili au matatu, waambie ni mtunza mgonjwa nyumbani, na hakikisha karatasi inataja kazi hiyo hasa. Usikubali waandike "hausigeli" tu, kwa sababu siku ya ajali watakuuliza hausigeli alikuwa anamwinua nani. Wakikuzungusha, iko Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, inapokea malalamiko ya wateja.

Na ndugu wanapochangishana kwa ajili ya mzee, iwekeni bima kwenye hesabu tangu mwanzo, pamoja na nepi na dawa. Watoto sita wakigawana hawataisikia.

MamaWawili_Bukoto – saa 2:44 asubuhi

Asante mzee. Nitauliza wiki hii. Kijana mwenyewe nimemwonyesha uzi huu, ameusoma wote akanyamaza, kisha akaniambia mwezi wa tatu aliwahi kuteleza lakini aliogopa kuniambia.

FurahaKyaka – saa 4:10 asubuhi

Jambo wote. Mimi niko mkimbizi, nilitoka Kivu, Congo, kitambulisho changu ni cha kambi ya wakimbizi ya Kyaka II, lakini niko natumika Kampala kwa kutunza mama mmoja mzee Makindye. Boss alisema mimi si Mganda, nikiumia ni juu yangu. Ni ya kweli?

AfisaMstaafu – saa 4:35 asubuhi

Si kweli, dada Furaha. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakupa haki ya kufanya kazi, na sheria ya fidia inagusa ajira zote ndani ya Uganda, isipokuwa wanajeshi walio kazini. Haiulizi umezaliwa wapi. Umefanya kazi hapo muda gani, na unalipwaje?

FurahaKyaka – saa 4:41 asubuhi

Mwaka moja na nusu. Ananipa mkononi, hakuna karatasi.

Wakili_Tororo – saa 5:02 asubuhi

Naingia hapa kwa ruhusa ya mzee. Mkataba wa mdomo ni mkataba chini ya Sheria ya Ajira ya 2006. Kukosa karatasi hakukufanyi usiwe mfanyakazi, kunakufanya uwe na kazi ngumu ya kuthibitisha. Kwa hiyo anza leo kutengeneza ushahidi. Mwombe akutumie mshahara kwa simu, mwambie unaweka akiba. Nunua daftari la mistari, kila siku andika tarehe, saa uliyoanza, ulichofanya: "nimemwogesha, nimempa dawa ya presha, nimebadilisha shuka mara mbili". Daftari lililoandikwa kila siku kwa kalamu mbalimbali na mwandiko wa haraka, mahakama huliamini kuliko karatasi safi iliyoandikwa jana usiku.

BintiSofia, wewe unazo rekodi za miezi saba za pesa za simu. Nenda kwenye ofisi ya mtandao wako wakuchapishie. Jina la aliyetuma ni jibu la nusu ya kesi yako.

Nesi_Arua – saa 5:30 asubuhi

Naomba niongeze jambo ambalo halionekani kwenye picha ya mfupa. Watunzaji wengi wanachoma sindano za insulini. Sindano inaachwa kwenye blanketi, unakunja blanketi, inakuchoma kidoleni. Ikikutokea: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, usipake Jik. Nenda kituo cha afya upewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ndani ya saa 72, na saa mbili za kwanza ni bora kuliko siku ya pili. Unazinywa siku 28. Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B, ni dozi tatu.

Kisha andikisha. Kituoni waambie mtu wa zamu aandike "amechomwa na sindano akiwa kazini kwa mgonjwa". Miezi sita baadaye ukipatikana na ugonjwa na hakuna mstari huo kwenye kitabu, hakuna atakayekubali kwamba uliupata kazini. Kifua kikuu ni vilevile. Nilikuwa na rafiki tuliyesoma naye, alimtunza mzee aliyekohoa miezi minne bila kupimwa. Alipoanza kukohoa yeye, familia ilisema amewaletea ugonjwa nyumbani.

AfisaMstaafu – saa 5:41 asubuhi

Nesi amenena. Kwa magonjwa ya kazi taarifa ni ndani ya miezi mitatu tangu dalili zionekane.

Mkewaboda – saa 7:15 mchana

Samahani kuingilia. Mume wangu ni boda, kila siku saa kumi na mbili asubuhi anampeleka dada mtunzaji Muyenga kutoka Namuwongo. Wakigongwa njiani ni kazini au si kazini?

Wakili_Tororo – saa 7:33 mchana

Kwa dada, akiwa anakwenda kazini moja kwa moja au anarudi moja kwa moja, sheria inahesabu ajali hiyo kuwa ya kazini. Lakini ni juu yake kuthibitisha kwamba alikuwa njiani moja kwa moja. Akipitia kwanza kwa shangazi Kansanga kunywa chai, mambo yanabadilika. Mumeo kwa bahati mbaya hana mwajiri hapo, yeye atafute bima yake.

KyeyoWaltham – saa 10:20 jioni

Nawasalimu kutoka Massachusetts. Hapa Waltham Waganda tuko wengi na karibu kila nyumba ina mtu anayetunza wazee. Nilidhani Marekani mambo yote yamenyooka, kumbe kila jimbo na lake. Hapa kwetu mtu anayefanya kazi nyumbani kwa mtu saa 16 au zaidi kwa wiki, mwenye nyumba lazima awe na bima ya fidia. Ukiumia, kwa muda usioweza kufanya kazi unalipwa asilimia 60 ya wastani wa mshahara wako wa wiki, mpaka wiki 156. Texas mwajiri binafsi hata halazimishwi kuwa nayo.

Mwaka juzi niliumia bega nikimgeuza mzee wa kilo 110. Wakala wa hapa alikuwa na bima, nikalipwa, nikafanyiwa mazoezi ya tiba. Wenzangu watatu wanaolipwa pesa taslimu chini kwa chini waliumia wakanyamaza, mmoja akarudi nyumbani anachechemea. Tofauti yetu ilikuwa jina langu kuwa kwenye orodha ya mishahara. Dada Sofia, pigania jina lako liwe kwenye orodha.

JiraniMpakani – saa 11:05 jioni

Mimi ni wa Busia ya upande wa Kenya. Sheria yetu ni ya 2007, mtu akilemaa kabisa ni mapato ya miezi 96. Dada huyu angevuka geti akafanya kazi ileile mita 300 kutoka kwao, hesabu ingekuwa nyingine. Mgongo ni uleule.

AfisaMstaafu – saa 2:15 usiku

BintiSofia, habari ya hesabu niliyokuahidi. Kwako wewe hatujui bado kama ni ulemavu wa kudumu. Ajali inaingia kwenye sheria ikikuondoa kazini angalau siku tatu mfululizo, wewe uko siku ya 20. Kwa hiyo unadai matibabu yote, pamoja na nauli za kwenda kutibiwa (tunza risiti, hata za boda mwombe aandike kwenye karatasi), malipo ya muda huu usioweza kufanya kazi, na baadaye daktari akipima asilimia ya ulemavu, fidia ya asilimia hiyo. Uchunguzi huo wa daktari mfanyakazi halipii.

Unapotaja mapato usiandike 350,000 ukanyamaza. Ulikuwa unalala na kula hapo, na ajali imekuondolea vyote viwili. Viandike, na thamani yake.

Wala msitegemee kima cha chini cha mshahara kiwaokoe. Kilichopo kisheria nchini ni shilingi 6,000 kwa mwezi, cha 1984. Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Ajira Mei 2023, yaliyogusa wafanyakazi wa majumbani na mawakala wa kupeleka watu kazini, Rais akayarudisha bila kusaini. Nilikuwa nimeanza kufurahi.

Na hili lishike kama kitambulisho chako: watakuja na pesa kidogo na karatasi ya kusema mmemalizana. Makubaliano ya fidia yanahitaji idhini ya afisa kazi, na hayatakiwi kuwa chini ya kile sheria inachotoa. Usisaini sebuleni kwa mtu.

BintiSofia – Jumatano, saa 12:30 jioni

Nimewasoma wote. Majibu yangu kwa mzee: nyumba alipanga wakala. Jumapili alipanga wakala. Sare ya bluu alinipa wakala na akanikata 40,000. Mwezi wa pili niliomba dada yangu anishikie siku mbili nikazike, wakala akakataa, akaleta mtu wake.

Barua nimeandika kurasa mbili. Rekodi za simu zimechapishwa, miezi saba, jina la wakala liko wazi kila mwezi.

BintiSofia – wiki tatu baadaye, Jumapili, saa 9:00 alasiri

Narudi kuwapa habari kama nilivyoahidi kwenye ujumbe.

Barua zilifika siku ya 22. Wakala alikataa kusaini, nikarudi na mwenyekiti wa LC1, akaweka muhuri mbele yake. Afisa kazi alimwita mara ya kwanza hakuja, mara ya pili akaja na mtu aliyesema ni mwanasheria. Walisema mkandarasi. Afisa aliuliza jambo moja: "Sare mlimkata pesa ya nini?" Hawakuwa na jibu.

Ambalo sikulitegemea ni binti wa jajja. Alikuja mwenyewe bila kuitwa, na maelezo aliyoandika: tarehe, saa, kwamba dada wa jikoni alikuwa sokoni, kwamba mama yake alimweleza kwa ule ulimi mzito wa kiharusi, "Yule mtoto alinishika." Alilia ofisini. Alisema alidhani kumlipa wakala ni pamoja na kunilinda mimi.

Siku mbili baadaye wakala alinitumia mtu na milioni moja taslimu na karatasi ya kusaini. Pesa niliziona kwa macho, noti za elfu hamsini. Kodi ya nyumba ninadaiwa miezi miwili. Nilimwambia azipeleke kwa afisa kazi, tuzihesabu huko.

Alhamisi hii saa nne asubuhi ninatakiwa kwa daktari wa kupima asilimia, upande wa Mulago. Ganzi ya kidole ingali ipo. Boda siwezi kupanda, kila tuta linanirudisha nyuma wiki, na matatu wanakubana kiti cha nyuma. Kuna mtu maeneo ya Ntinda au Kisaasi mwenye gari dogo anayeelekea huko? Mafuta nitachangia.

KakaKireka – saa 9:22 alasiri

Dada, mimi ndiye niliyekupeleka NSSF bure siku ile. Ninayo Premio, kiti cha mbele kinalala mpaka nyuma. Alhamisi saa mbili asubuhi nitakuwa getini kwako. Mafuta weka ya dawa. Nitumie jina la mtaa.